Kiti cha Mgeni

Kiti cha mgeni kiliamka kimelowa. Nyakerario alikigusa kwa kiganja, akanusa, kisha akamgeukia bintiye wa miaka sita aliyekuwa akinywa uji.

"Joyline, umekojoa hapa?"

"Si mimi, mama. Ni yule mgeni."

Nyakerario hakutia neno lile maanani. Katika nyumba yao ya Suna, neno "mgeni" lilikuwa limechakaa. Mumewe, Duke Oyaro, alikuwa amegeuza sebule kuwa studio: pazia jekundu limepigiliwa misumari ukutani, na mbele yake viti viwili vya kitambaa, kimoja cha mtangazaji, kimoja cha mgeni. Hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia. Hata mama mkwe alipokuja kutoka Kisii na magoti yake mabovu, alikalia ndoo.

Ukimuuliza Duke kazi yake, angekwambia ni mtangazaji wa televisheni na mtayarishaji wa filamu. Ukweli ni kwamba mwaka wa tisini na tatu alionekana kwenye televisheni huko Nairobi kwa majuma sita, akitaja vipindi vitakavyofuata, kabla ya kuonyeshwa mlango. Majuma sita! Kuna watu wameugua kikohozi kwa muda mrefu zaidi na hawakujiita madaktari. Lakini Duke alirudi Migori na suti ya rangi ya maziwa na Kiingereza cha puani, akaanza kupiga picha za harusi na mazishi ya watu, akiziita filamu na kuzionyesha kwenye kibanda cha video karibu na daraja. Alikuwa na neno la kufungulia: "Karibuni ndani, jisikieni mko nyumbani!" Alikuwa na la kufungia: "Msiende mbali, tutarudi!" Siku moja alilisema hilo la pili kaburini, jeneza likiteremshwa, na ndugu za marehemu nusura wamtupe shimoni.

Ndizi alizouza Nyakerario sokoni ndizo zilizolisha nyumba hiyo. Alikuwa amemdharau mumewe kwa miaka minne, kimyakimya, na dharau hiyo ilikuwa imezoeleka kama kidonda kisichopona.

Asubuhi ya pili kiti kililowa tena. Ya tatu kilikuwa na tope, na chumba kizima kikanuka omena, samaki wadogo wa ziwani, waliooza. Kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati, na Nyakerario alipokisugua kwa sabuni, alihisi ubaridi ukimpanda mkononi mpaka kwapani. Siku hiyohiyo Joyline alianza kukohoa. Nywele zake zilikuwa na majimaji, ingawa hakuwa ameoga.

"Baba Joyline, wiki jana ulienda wapi?" Nyakerario aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sindo, kule ziwani. Location." Duke alikuwa akijitazama kwenye kioo. "Kaa chini nikuonyeshe kitu. Hii Nairobi watanunua, nakwambia."

Akatia kanda. Ikaonekana pwani ya ziwa, jua linazama, upepo unavimba, na wanawake wamesimama milangoni wakipiga sufuria, mabati na madebe.

"Kelele zote hizi ni za nini?"

"Superstition tu. Hawa Wajaluo wa ziwani wakisikia upepo wanasema ni nyawawa, watu waliokufa majini wanapita wakitafuta nyumba ya kuingia. Sasa wanapiga debe ndio wapite. Shida ni, walikuwa wananiharibia sound."

Kwenye kanda, Duke aliingia na suti yake, mikono juu. "Kata! Kata! Nyamazeni kidogo, tupate sauti safi!" Wanawake walitazamana. Bibi mmoja aliendelea kupiga, na Duke akamnyang'anya kifuniko cha sufuria. Kukawa kimya. Ndani ya kimya kile, karibu kabisa na kipaza sauti, mtu akaita: "Duke."

Na Duke, ambaye hakuna mtazamaji aliyekuwa amemwita kwa jina kwa miaka minne, aligeukia kamera akachanua tabasamu, akafungua mikono. "Karibuni ndani, jisikieni mko nyumbani!"

"Nani alikuita?" Nyakerario alinong'ona.

"Si ni Osoro, cameraman?"

"Osoro alikuwa nyuma ya kamera. Sauti imetoka majini."

"Mama Joyline, wewe hujui mambo ya sound."

Jumamosi, wakati majirani, Wasabato wote, wako kanisani na mtaa umetulia, Nyakerario alikuwa jikoni alipoanza kusikia maji yakidondoka sebuleni, tone kwa tone, kisha miguu, si miwili bali mingi, ikiburutwa sakafuni kama ya watu waliotoka mbali na wamechoka, kisha harufu ya tope na samaki ikapita chini ya mlango, na ndani ya harufu hiyo akasikia kikohozi cha mwanawe, kikohozi chenye maji, akatupa mwiko akakimbia akiita jina la Mungu, na alipofungua mlango akamkuta Joyline ameketi kwenye kiti cha mgeni, mgongo umenyooka, mikono magotini, maji yanamtiririka kwenye vidole vya miguu, macho meupe.

"Tumekaa," Joyline alisema kwa sauti ya watu wazima, wanaume na wanawake pamoja. "Tuulize maswali."

Duke alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala. Uso ulikuwa umempauka kwa woga, hilo hatuwezi kumnyima. Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeishika kamera.

"Usimguse," alinong'ona. "Light iko poa."

Nyakerario alimzaba kofi lililoangusha kamera na kile kidogo kilichokuwa kimebaki cha ndoa yao. Akambeba mtoto. Alikuwa mzito kama gunia lililotolewa mtoni.

Walifika Sindo kesho yake alasiri, wote watatu. Bibi aliyenyang'anywa kifuniko aliitwa Roseline. Alitega sikio kifuani mwa Joyline, kisha akainua kichwa.

"Yawa. Maji imefika hapa," alisema, akionyesha chini ya koo. "Kesho itafika juu, na atazama kwa kitanda."

"Mama, nisaidie. Nipe dawa yoyote."

"Dawa ni gani, nyathina, mtoto wangu? Sisi hupiga debe ndio wapite. Hawa hawakupita, waliitwa. Mgeni hafukuzwi na jirani. Ule alisema karibu, ndiye aseme nendeni." Akamtazama Duke kutoka viatu mpaka kola. "Aseme hivyo tu. Asiongeze kitu. Na wakimwita, asiitike. Hata wewe, wakikuita, usiitike."

Duke alikubali kwa sharti moja: kamera iwake. Kwa kuwa Osoro alishaacha kazi na kurudi kwao, aliisimamisha mwenyewe kwenye miguu yake mitatu mchangani, akachana nywele. Nyakerario alimwangalia akichana nywele huku mtoto wao akikoroma maji, kisha akampa mgongo.

Jua lilipogusa maji, upepo ukavimba. Wanawake wakaanza kupiga. Duke aliligeukia ziwa.

"Nendeni," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kwangu hamna nyumba. Nendeni."

Joyline alijikunja mikononi mwa mama yake akatapika maji meusi, mengi kuliko tumbo la mtoto. Upepo ulitoka nchi kavu kwenda majini, ukizilaza nyasi. Kisha mtoto akavuta pumzi kavu, akafungua macho yake mwenyewe.

"Mama, nasikia njaa."

Nyakerario alilia kwa furaha. Wanawake walikuwa bado wanapiga, wanacheka. Ndipo alipomwona mumewe akigeuka. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na Duke ameiona. Mabega yakamnyooka. Tabasamu likachanua.

"Duke, nyamaza!"

"Msiende mbali," Duke Oyaro aliiambia kamera, "tutarudi!"

Sufuria zikakoma zote kwa pamoja. Kule majini, upepo ukageuka.

Nyakerario alimpokonya Roseline kifuniko na kijiko cha chuma, akamfunika Joyline kwa mwili wake, akapiga, akapiga mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Upepo ulimzunguka, ukatafuta, ukakosa. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja, nao ni mdomo wa mtangazaji, bado umetabasamu. Ukaingia hapo. Suti ya rangi ya maziwa ikalowa kuanzia kola kushuka chini.

"Sasa nani atasema nendeni?" Nyakerario aliuliza.

Roseline alitikisa kichwa. "Mwenye alikaribisha hayuko tena. Enda, nyathina. Piga hiyo kitu, usiache."

Akamfunga mtoto mgongoni, akashika barabara ya kupanda, akipiga. Nyuma yake sauti ya mumewe ilimwita kwa jina mara tatu, taratibu, kwa upole ambao hakuwahi kuusikia tangu aolewe.

Nyakerario hakuitika.