Picha ya Ukutani

Jumamosi saa sita mchana, ujia wa maduka ya simu ulikuwa umefurika. Watu walipita kwa ubavu, wauzaji walishindana kuita wateja, na spika tatu zilipiga nyimbo tatu kwa wakati mmoja. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, suti ya rangi ya maziwa, viatu vinang'aa, na miwani mikubwa myeusi ya kuwakwepa mashabiki. Tatizo ni kwamba hakuna shabiki aliyekuwa akimtafuta. Alishapigwa vikumbo mara nne tangu aingie, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Zamani bwana huyu hakuweza kununua hata sindano bila kuzongwa. Filamu arobaini na moja, na katika zote mpenzi ni yeye. Waliomjua bado humwita Staa, ingawa siku hizi wengine hulitamka jina hilo huku wakikonyezana. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Naye aliishi kwa hao chungu wachache waliobaki.

Alisimama mbele ya duka dogo lililojaa kava, chaja na vioo vya simu. Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, gauni la kijani lililomkaa barabara, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Majirani walimwita Mama Chaja. Alikuwa akifungua simu ya mteja kwa kisu kidogo na hakuinua macho.

"Samahani, mama. Nimeambiwa nijirekodi dakika moja, simu ikiwa wima, niwatumie watu wa filamu. Kila nikijaribu natokea kidevu tu."

Kisu kikasimama.

"Sema tena."

"Natokea kidevu..."

"Sauti hiyo naijua! Hebu vua miwani." Akavua. Mama Chaja akajishika kifua. "Makubwa! Umezeeka, lakini ni wewe."

"Ahsante kwa hiyo nusu ya mwisho."

Mama Chaja alicheka mpaka muuza saa wa jirani akachungulia. Kumbe duka hilo hilo, kabla ya enzi za simu, lilikuwa la kuazimisha kanda za video. Filamu za Staa alizitazama hadi kanda zikakwaruza. Akamvuta ndani, akamsimamisha mbele ya pazia, akashika simu.

"Punguza macho, baba. Simu iko karibu, humtazami mtu wa ng'ambo ya mto."

"Haya ndiyo macho yaliyonilisha miaka thelathini."

"Basi leo yapumzishe. Tena!"

Mara ya tatu ikakubali. Alipoondoka, Staa alikuwa na namba yake ya simu, na kava mpya ya buluu ambayo hakuihitaji hata kidogo.

Jioni ile ile akapiga.

"Umekula?"

"Sijala. Nangoja unipigie ndipo nishibe."

"Nani alikufundisha utani huo?"

"Wewe na kanda zako. Ulinilea vibaya."

Ikawa kila siku saa moja jioni simu inalia, na Mama Chaja huipokea baada ya mlio wa tatu, asije akaonekana ana haraka. Siku ya kumi na mbili alimweleza wazi. "Sikia, laazizi. Mume wangu wa zamani alikuwa na mdomo wa asali. Aliniapia mapenzi asubuhi, jioni akahamia kwa mwingine. Mimi sitafuti mwanamume wa maneno mazuri. Nitafutie mengine yote, hayo yaache."

"Nimekusikia, mama," Staa akajibu, na alimaanisha.

Wiki iliyofuata wale watu wa filamu wakamwita. Walitengeneza michezo ya kutazamwa kwenye simu, kila sehemu dakika mbili, na swali lao la kwanza lilikuwa ana wafuasi wangapi mtandaoni. Hakuwa nao. Hata hivyo wakamwambia amepata nafasi ya baba wa familia, sehemu zote thelathini na sita. Akampigia Mama Chaja hata kabla hajafika kwenye ngazi.

"Baba wa familia! Thelathini na sita!"

Mama Chaja akapiga kigelegele dukani, wateja wakashtuka.

Siku ya kazi alipelekwa na rafiki yake wa damu, Pacha. Huyu ndiye aliyekuwa mwili wake wa hatari. Staa alipotakiwa kuruka ghorofa, aliyeruka ni Pacha, amevaa shati la Staa na kuipa kamera mgongo. Siku hizi kuruka kunafanywa na kompyuta, basi Pacha anaendesha gari la vifaa vya kampuni hiyo, nyonga moja ikimuuma kila anapokanyaga breki.

Staa aliingia na maneno ya kurasa kumi aliyojitungia mwenyewe, maana walikuwa hawajampa ya kwao. Akavalishwa koti la kijivu, akakalishwa kwenye kigoda. Mwongozaji, binti wa miaka ishirini na sita, akamwomba atabasamu kidogo. Kamera ikalia mara moja.

"Tumemaliza, mzee. Ahsante sana."

"Tumemaliza nini?"

Akaelezwa kwa adabu. Baba wa familia alishafariki kabla hadithi haijaanza. Kinachohitajika ni picha yake, itundikwe juu ya kabati la vyombo ili mjane awe anaisemesha. Ndiyo, kwa sehemu zote thelathini na sita.

Staa alivua koti, akalikunja vizuri, akalirudisha. Njiani Pacha hakuwasha redio. Alikuwa anajua kitu ambacho rafiki yake hakukijua: hata hiyo picha yeye ndiye aliyemwombea kwa mwongozaji, siku tatu mfululizo.

Saa kumi na moja jioni hiyo Mama Chaja alikuwa amekwisha kaa kwenye mkahawa walikoahidiana kusherehekea, gauni jipya la zambarau, hereni ndefu, uso umejaa sherehe. "Haya, baba wa familia, nihadithie!"

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini mwanamume aliyetoka kuambiwa amekufa hapendi kulitangaza hilo mbele ya mwanamke anayemtazama hivyo. Akamshika mkono, moyo umemjaa, na maneno yakamtoka yenyewe:

"Kabla yako nilikuwa nahesabu siku. Tangu nikujue, siku ndizo zinazonihesabu mimi."

Mama Chaja akauvuta mkono wake. Kisha akaendeleza, polepole, bila kukosea: "'Na zikinimaliza, zikukute wewe mwishoni.' Filamu yako ya nne. Ulimwambia yule nesi, mvua inanyesha."

"Mimi?"

"Usijifanye! Nimeirudisha nyuma sehemu hiyo mara mia."

"Nakuapia sikujua. Yametoka moyoni."

"Yametoka kwenye kanda!" Machozi yalishamlenga. "Kitu kimoja tu nilikuomba. Kimoja!"

Akachukua mkoba wake akaondoka, chai haijaguswa. Usiku haujaingia, Staa akakuta namba yake imefungiwa.

Baada ya wiki Pacha alimkuta amelala saa nne asubuhi na ndevu za siku saba.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Amka, unanuka huzuni."

"Sikumdanganya, Pacha. Nilidhani ni maneno yangu."

"Utajuaje? Miaka thelathini unasema ya kuandikiwa. Ya kwako yameota kutu."

Staa akageukia ukuta. Pacha akakaa kitandani, akaipapasa nyonga yake. "Niende mimi? Nimeruka maghorofa kwa niaba yako, nimepita motoni, nimegongwa na gari mara mbili. Kuanguka miguuni pa mwanamke kutanishinda?"

Msicheke. Staa alifikiria kukubali.

"Ungemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba wewe ni picha ya ukutani. Na mimi ndiye niliyekuombea hata hiyo."

Staa akainuka, uso umembadilika. Hakuwa na la kumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Hilo asilijue, Pacha. Chochote kingine, sawa."

"Basi hapo ndipo unapoogopa. Na hapo, ndugu yangu, mimi siwezi kuruka badala yako."

Jumatatu saa saba mchana Staa akaingia kwenye ule ujia, shati la kawaida, hana miwani. Dukani kulikuwa na foleni, naye akapanga. Mbele yake alikuwepo mama mwenye simu iliyopasuka kioo na dada mwenye nywele nyekundu aliyetaka chaja. Zamu yake ikafika. Mama Chaja akamwona, akashusha macho kwenye kisu chake.

"Unataka nini?"

"Kusema."

"Maneno yako nilishayaazima zamani. Nina wateja."

"Haya hayamo kwenye kanda." Akasogea mezani. "Nilikwambia mimi ni baba wa familia. Si kweli. Baba alishakufa. Mimi ni picha. Wamenitundika juu ya kabati la vyombo. Nilikalishwa kwenye kigoda, nikapigwa picha moja, nikaambiwa tumemaliza. Na hata hiyo picha niliombewa na rafiki yangu."

Kisu kikawekwa mezani. Watu wakaanza kugeuka, na yule dada mwenye nywele nyekundu akainua simu yake wima.

"Mzee, endelea hivyo hivyo! Geuka kidogo kwenye mwanga. Hii kesho inatazamwa na watu laki!"

Mwili wa Staa ulitii kabla yake. Kidevu kikainuka, bega likakaa pazuri, macho yakatafuta kamera. Alikuwa ameililia nafasi hiyo miaka sita. Mama Chaja aliliona lile bega, na uso wake ukaanza kufungika kama mlango. Staa akauona ukifungika.

"Dada yangu, naomba ushushe simu."

"Lakini mzee, utarudi juu..."

"Najua. Shusha. Hapa siigizi."

Dada akashusha. Staa akageuka, mwanga ukabaki mgongoni.

"Mimi... nyumbani nina sahani moja. Yaani zipo nyingi, ila naosha moja, hiyo hiyo kila siku. Ningependa ziwe mbili. Ningepiga magoti, lakini goti hili likishuka halipandi. Sijui kupika. Naogopa sana, mama. Tuoane. Kama hutaki, basi nifungulie namba tu."

Spika za jirani ziliendelea kupiga kelele, lakini foleni nzima ilikuwa imesogea karibu. Mama Chaja aliivaa miwani ya kusomea, akaivua, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Umesema vibaya."

"Najua."

"Hayana kichwa wala miguu. Sahani, goti, namba..."

"Najua, mama."

"Mjibu mwenzio!" akadakia mama mwenye kioo kilichopasuka, ambaye alikuwa amesahau kuondoka. "Sisi tuna haraka."

"Namjibu!" Mama Chaja alizunguka meza, akasimama karibu naye kabisa, akamshika kola ya shati kwa mikono yote miwili. "Kwangu ukutani hakuna nafasi ya picha. Mezani ipo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi rudia. Na usirekebishe chochote."

"Tangu mwanzo?"

"Kuanzia sahani."

Akaanza kuanzia sahani, na safari hii yakatoka vibaya zaidi.