Nilivunja Tanuri la Wafinyanzi Nikimtafuta Mjukuu Wangu

"Toeni matofali! Mjukuu wangu yumo humo ndani!"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tanuri la watu, naupiga ukuta ngumi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Chini, moto umeshawashwa.

Mkono wa pili nimeshika kiatu cha mtoto. Kimoja. Chekundu.

Nilikiokota pale pale, chini ya mlango uliozibwa...

"Bibi, utaungua! Rudi nyuma!"

"Acha niungue! Mtoeni mtoto!"

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, sogeeni niwaeleze. Mimi ni bibi wa darasa la saba, mwandiko wangu mtanivumilia. Ila haya sikusimuliwa. Yamenikuta mimi.

Mjukuu wangu ana miaka sita. Tunamwita Chiriku, maana hata usingizini anaongea. Siku hiyo nilimpeleka kwenye mji mmoja wa kale wa bandari, wenye kuta nene na maghala ya zamani, ambako watu wanafinyanga vyungu tangu enzi za babu wa babu zao.

Mtaa wa wafinyanzi kila mlango umepangwa mitungi. Njia ni nyembamba, na mimi mnavyonijua siyo mwembamba.

"Mama, nyonga hizo taratibu! Utatuangushia duka!" muuzaji mmoja akanipigia kelele.

"Panua barabara, mwanangu, mimi sipungui!"

Chiriku akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka asubuhi ile.

Mbele kidogo tukawakuta wanapakia tanuri. Ni kama chumba kidogo cha matofali. Mtu anaingia kwa kuinama, anapanga vyungu vibichi mpaka juu, halafu mlango unazibwa kwa matofali na udongo. Moto unachochewa chini siku mbili, usiku na mchana.

Mimi na vitendawili vyangu...

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina dirisha. Wageni huingia kimya, wakitoka ukiwagusa wanalia ngaa!"

Akakunja uso. "Bibi, sijui. Nakupa mji."

"Wewe! Hebu kachungulie pale mlangoni, utalijua jibu."

KACHUNGULIE! Mdomo wangu huu huu!

Nikaingia kwenye banda la mauzo la pembeni kuchagua chungu. Chungu unakigonga kwa kidole. Kikilia vizuri ni kizima, kikikohoa kina ufa. Nikagonga hiki, nikagonga kile, nikanogewa.

Nilipotoka, mlango wa tanuri umezibwa. Moto unawaka. Chiriku hayupo.

Nikaita. Nikapita nyuma ya marundo ya kuni, nikachungulia kila mtungi mkubwa, nikauliza duka hadi duka. Hakuna aliyemwona. Nikarudi tanurini, ndipo nikakiona kile kiatu.

Mchochea moto, mwanaume mmoja wanayemwita Majivu, akanishika bega.

"Bibi, mlango nimeziba mimi. Mtoto sijamwona."

"Uliangalia nyuma ya mitungi?"

Akageuka kulitazama tanuri.

"NIMEKUULIZA, ULIANGALIA?!"

"Nilikuwa na haraka, bibi..."

Jamani! Nikainua tofali nianze kuvunja mwenyewe, wakanizuia wanawake wawili.

Ndipo akaja fundi mkuu, mama wa makamo, udongo umemkauka hadi viwikoni. Hakupiga kelele.

"Dada yangu, nisikilize. Kabla Majivu hajaziba, niliingia na tochi, nikamulika mpaka nyuma. Hamna mtu."

"Na hiki kiatu?!"

Akakitazama. "Sijui. Moto bado mdogo, ni wa kupasha tu. Lakini tukifungua sasa, humo ndani kuna kazi ya miezi minne ya wanawake kumi na mmoja. Vyungu havijaiva. Vinamomonyoka kama biskuti."

"Mjukuu wangu naye ni biskuti?!"

"Sijasema hivyo. Nakuuliza swali moja tu. Mama yake mtoto yuko wapi? Hawezi kuwa amemchukua?"

Wajukuu zangu, hapa ndipo ninapoona haya kuandika.

Mama yake ni binti yangu wa kumzaa. Anafanya usafi kwenye ofisi za bandari, mji ule ule, mwendo wa robo saa kutoka tuliposimama. Na tulikuwa na ahadi naye, saa nane mchana, mtaa ule ule wa wafinyanzi.

Simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kumpigia.

Lakini nimpigie nimwambie nini? Kwamba mwanao niliyekwambia hakuna wa kumlea zaidi yangu, nimempoteza nikigonga vyungu?

"Hana mama," nikasema. "Ana mimi tu."

Fundi mkuu akawageukia wenzake.

"Zimeni moto. Vunjeni."

"Dada!" mwanamke mmoja akalia. "Kazi yetu!"

"Nimesema vunjeni."

Majivu akapiga nyundo ya kwanza. Ukuta ukafumuka, joto likatupiga usoni, rundo la mbele likaporomoka. Wakajipanga mstari, wakawa wanapokezana vyungu haraka haraka, na vingi vinapasukia mikononi mwao. Mlio wa vile vyungu, jamani... mpaka leo nausikia.

Majivu akaingia, kajifunga kitambaa puani. Nikashika ukuta.

"Chiriku! Itika, mama! Itika!"

Akatoka anakohoa, mikono mitupu.

"Hamna. Nimefika mpaka nyuma. Hamna mtu."

Nikaanguka. Kama hayumo, basi yuko wapi? Gati hatua chache tu kutoka pale... maji marefu...

Simu ikaita.

Binti yangu.

"Mama, usimtafute. Ninaye."

"Unaye... nani?"

"Mwanangu. Nilikuja mapema. Nimemkuta anachungulia tanuri, wewe umenipa mgongo unagonga vyungu. Nimemwita mara moja tu, akanirukia. Hata kiatu kimemtoka, sikurudi kukiokota."

"Saa nzima?! Unaniacha saa nzima nafikiri mtoto ameungua?! Wewe ni mtu wa namna gani?!"

Akaongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia siku nyingi.

"Mara tatu nilikuja kumchukua, mama. Mara tatu ukamficha kwa jirani, ukaniambia amesafiri. Nikarudi na basi nikiwa nimekumbatia nguo nilizomnunulia. Leo ulikuwa unaniletea nimwone kwa muda wa saa mbili tu, halafu uondoke naye. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Nikakitazama kile kiatu mkononi.

Nilipoinua kichwa, wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama wananiangalia. Simu yangu ina sauti kubwa, wamesikia yote.

"Kumbe mama yake yupo," mmoja akasema.

"Yupo," nikasema.

Nilitamani wanitukane. Hawakunitukana. Nikamgeukia fundi mkuu.

"Ulimulika. Ulijua hayumo. Mbona ulivunja?"

Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mimi nilijua. Wewe hukujua. Moto ungewaka siku mbili, na wewe ungekaa hapo siku mbili unamsikia analia."

Hapo nikalia kilio ambacho sikuwahi kukilia hata msibani. Maana binti yangu nami nilimweka hivyo hivyo miaka mitatu, hajui mwanawe yuko wapi.

Jioni nilikwenda chumbani kwa binti yangu. Chiriku yuko kitandani, amevaa gauni jipya linalombana kidogo, lilinunuliwa zamani.

"Bibi! Nitalala na mama leo!"

"Lala naye, mama. Na kesho. Na kesho kutwa."

Binti yangu hakunikumbatia. Alinipa kiti. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Nawaandikia nikiwa bado mji huu. Kila asubuhi nakwenda kwa wale wanawake kukanda udongo, mpaka tanuri lijae tena. Bado kuna mmoja haitikii salamu yangu. Ana haki.

Bibi mwenzangu unayesoma hapa, mtoto amelala mapajani mwako na unamwambia kila mtu kwamba mama yake hamfai... Labda ni kweli hafai. Mimi wa kwangu nilisema hivyo mpaka nikaamini. Lakini leo, je, anajua kama mwanae amekula? Kama anaumwa? Kama jino limeng'oka?

Mpigie. Halafu mpe mtoto simu, wewe utoke nje.