Kioo Kilichosahaulika Juu ya Meko

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida pale kaunti ya Mayo. Malachy Heneghan alimaliza chai yake, akachukua keekee, akatoboa ukuta juu ya meko ya sebuleni. Mama yake, Nonie, alikuwa hospitalini. Alipoondoka alimwachia mwanawe neno moja tu: picha ya Moyo Mtakatifu wa Bwana iliyotundikwa hapo isiguswe. Malachy aliishusha, akaificha nyuma ya kabati, akafunga pale runinga mpya, bapa, pana kama meza. Jioni kulikuwa na mechi.

Nonie alirudishwa nyumbani kufa. Walimlaza sebuleni, akiielekea meko.

"Umetundika nini hapo, Malachy?"

"Kitu cha kukuburudisha, Mama."

"Mimi nilikuwa na Bwana wangu. Ndiye aliyeniburudisha."

Malachy uso ulimwaka. Nonie akageukia ukuta wa pili, na hakugeuka tena mpaka alipokata roho.

Kesho yake mchana majirani walijaa, jeneza likiwa wazi sebuleni. Kwa desturi ya kwao, Malachy alikuwa amesimamisha saa na kufunika kila kioo, roho isije ikadhani humo ndimo njia, ikaingia, ikapotea.

"Hata kioo cha kunyolea!" Attracta, jirani yao, alimtania. "Laiti Nonie angekuona ukifanya kazi, angefufuka."

Wakapiga magoti kusali rozari. Katikati ya sala, Attracta alimvuta mkono.

"Vioo umefunika vyote?" alinong'ona.

"Vyote."

"Na kile?"

Malachy aliinua macho. Runinga ilikuwa imezimwa. Nyeusi. Inang'aa. Ndani yake aliona mishumaa, majirani, jeneza.

Jeneza lilikuwa tupu.

Aligeuka. Mama yake alikuwa amelala humo, rozari mkononi. Akatazama tena juu. Tupu. Na mbele kabisa, karibu na kioo, Nonie alikuwa amesimama, viganja wazi, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta umefungwa kwa nje.

"Funika, mwanangu," Attracta alinong'ona. "Nani alikwambia hicho si kioo?"

Malachy alivuta kitambaa cha meza. Sahani zikaanguka. Sala ikakatika. Parokia nzima ikamtazama amesimama pale, kitambaa mkononi, hawezi. Akifunika sasa, anamfungia nani?

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "toka basi."

Hakutoka. Akafunika.

Walipokwisha kumzika, Malachy aliitungua runinga peke yake, akaibeba mpaka bandani, akaiegemeza ukutani. Hapo ndipo alipouona ukungu katikati ya kioo, mdogo, kama wa pumzi ya mtu aliyeweka mdomo dirishani. Akaupangusa kwa leso. Haukutoka. Akapangusa tena, kwa nguvu, machozi yakimtoka kwa aibu.

Ulikuwa upande wa ndani. Ulikuwa ukitanuka, ukisinyaa. Ukitanuka, ukisinyaa.