Hariri ya Parachuti

Rubani Shi Zhaoting hakuwa na baba wala mama. Mji wao wa kaskazini mwa China ulishikwa na Wajapani vitani. Hakuwa na mjomba wa kumsemea, hakuwa na shangazi, hakuwa hata na kofia isiyonuka petroli. Alikuwa na rafiki mmoja, Luteni Haskell, Mmarekani aliyerusha naye ndege moja, bega kwa bega. Basi Haskell ndiye aliyekwenda kumposea. Nami, fundi wa injini niliyesoma Kiingereza shule ya usiku, nikaenda kuwa mkalimani.

Mzee Teng, mtengeneza tofu, jibini ya soya, wa hapa mjini Zhijiang, alitupokea vizuri. Chai ikamiminwa. Binti yake, Suyun, akajibanza nyuma ya pazia. Haskell akafungua furushi mezani, huku akitabasamu. Hariri ya parachuti, nyeupe pe.

"Ya gauni la harusi," alisema. "Kwetu bibi harusi huvaa nyeupe."

Kabla sijatafsiri, Mzee Teng alikuwa amesimama.

"Sanda! Umeniletea sanda siku ya posa?"

"Mzee, kwao nyeupe ni..."

"Kwao ni kwao! Hapa nyeupe tunavaa tukizika. Mwanaume mwenyewe leo yupo, kesho moshi, halafu mshenga wake anamtangulizia msiba! Tokeni!"

Nje, Haskell aliniuliza, "Amesema nini?"

"Amesema chai imeisha."

Furushi tuliliacha mezani.

Kesho yake Haskell alishikwa na homa, Zhaoting akaruka na rubani mwingine. Ndege nne ziliondoka. Zikarudi tatu.

Suyun alikuja mbio hadi langoni mwa uwanja wa ndege, aproni bado kiunoni.

"Kaka fundi, yake ni ipi?"

"Bado, dada."

"Bado maana yake nini? Mafuta ya ndege si yana mwisho?"

Yalikuwa na mwisho, na ulikwishapita.

Mjini wanawake walinong'ona kwamba nguo ya msiba imeingia kabla ya msiba. Haskell hakula.

"Nimemuua mimi?"

"Hariri haiangushi ndege, bwana."

"Kamwambie yule mzee hivyo."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi bado nataka tofu."

Siku zikapita bila habari. Nilipokwenda kwa Mzee Teng, nilimkuta Suyun kwenye sufuria kubwa ya kuchemshia soya, mikono myekundu hadi viwikoni. Ndani ya rangi ilielea ile hariri.

"Unaharibu sufuria ya biashara!" baba yake alifoka.

"Ulisema nyeupe ni ya maiti, baba. Sasa si nyeupe, ni nyekundu ya bibi harusi."

"Na asiporudi?"

"Nitaivaa hivi hivi, nimsubiri."

Mzee akachukua mwiko mrefu.

"Koroga taratibu basi. Itashika mabaka."

Siku hiyo hiyo nilipokea simu uwanjani, kutoka kituo cha walinzi wa anga, ng'ambo ya milima.

"Tunaye rubani wenu Shi! Mwenzake ni mzima, ila yeye wanakijiji wamembeba kwa machela. Anapelekwa hospitali, Kunming. Mguu wataukata."

"Lakini yu hai?"

"Yu hai, na mbishi. Anasema Suyun asimsubiri. Mshenga wake alifukuzwa alipokuwa na miguu miwili, sembuse sasa na mmoja."

Nilipoufikisha ujumbe, Haskell akiwa nami, Suyun alicheka na kulia kwa pamoja. Mzee Teng akakunja uso.

"Nani kamwambia nimemkataa?"

"Wewe, mzee. Ulitufukuza."

"Nilifukuza rangi, sikufukuza mtu! Kaa hapo, andika."

Nikaandika alivyotamka: "Zhaoting mwanangu, mshenga wako hana adabu, lakini ana moyo. Hariri imeshapikwa, na nguo iliyotiwa rangi hairudishwi dukani. Soya husagwa kwa mikono, si kwa miguu, na mikono unayo. Njoo."

"Haskell anaomba kuweka sahihi, kama mshenga," nikasema.

"Aweke. Ila asitie kitu kingine humo ndani!"

Aliyetia ni Suyun: kipande cha hariri nyekundu, upana wa kucha. Mzee akajifanya hakuona. Akapaka punje za wali wa moto, badala ya gundi, kwenye ukingo wa bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba, kikaacha alama nyekundu. Tulipofika uwanjani, ndege ya Kunming ilikuwa imeshawasha injini. Haskell akaitia barua kifuani, akapanda.