Kapu Lililorudishwa

Siku ya kliniki ya kisukari viti havikutosha, wagonjwa wengine wakaegemea ukuta. Muuguzi alikuwa akikatiza katikati yao, mafaili kifuani, sauti ya kiume ilipomfuata kwa nyuma.

"Sista, samahani. Pindo la gauni lako limefumuka."

Aligeuka kwa ukali, akakutana na tabasamu. Kijana alikuwa amevaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka, amemshika mama yake mkono. Alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Maridadi.

"Kumbe macho yako kazi yake kukagua mapindo ya watu?"

"Ndiyo kazi inayoniweka mjini, dada."

Muuguzi akacheka bila kupenda. Chumbani alimpima mama, akamkabidhi insulini yake, kisha akauliza swali waliloulizwa wagonjwa wote: mwezi ule, kuna siku walikosa chakula? Waliokiri walipelekewa kapu la unga, maharage na mafuta kila wiki.

Mama alifungua kinywa. Mwanawe akamtangulia.

"Sisi? Tunakula hadi tunasaza."

Mama akainamisha kichwa. Maridadi akamwomba muuguzi namba ya simu, akapewa; haukupita muda wakawa wapenzi.

"Umekula, mpenzi?" muuguzi aliuliza kila jioni.

"Nimeshiba hadi naogopea vifungo vya shati."

Jumapili walikutana kwenye bustani ya mji, muuguzi amevaa gauni la njano aliloshonewa naye. Maridadi alimnunulia soda, mwenyewe hakugusa kitu. "Nimetoka kula sasa hivi, kipenzi." Lakini muuguzi aliona mkanda wake umetobolewa tundu jipya. Na kila kliniki, mama alizidi kukonda. Watu walikuwa wakinunua nguo zilizoshonwa tayari. Cherehani ilikuwa imelala.

Muuguzi akaliandika jina la mama kwenye orodha ya kapu. Hakumuuliza mtu.

Gari la kliniki lilifika kwa kina Maridadi asubuhi, majirani wamejaa uani wakifua. Mgawaji akaita jina kwa sauti. Kabla ya adhuhuri, Maridadi alilibwaga kapu juu ya meza ya muuguzi.

"Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima."

"Mama yako anajichoma sindano tumbo likiwa tupu! Insulini bila chakula inaua."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza mara ngapi? Kila siku umeshiba!"

Akatoka bila kuaga. Wiki tatu hakupokea simu. Muuguzi alikwenda kwao, akabisha hodi mpaka vidole vikamuuma, mlango haukufunguliwa.

Kisha, mchana mmoja, simu ya muuguzi ikaita. Alikuwa Maridadi.

"Mama haamki. Amelowa jasho."

"Mpake sukari kwenye fizi, haraka!"

"Sukari haipo."

"Asali, soda, chochote!"

"Hakuna kitu humu ndani." Sauti yake ikakatika. "Tangu juzi hakuna kitu."

"Kimbia kwa jirani, laazizi. Usikate simu."

Akazisikia hatua zake, akasikia hodi, kisha akamsikia mtu asiyewahi kuomba akilia kama mtoto: "Naombeni sukari. Mama yangu anakufa."

Mama alifikishwa hospitali akipumua. Hakufumbua macho. Siku ya nne akafariki.

Juma moja baada ya maziko, Maridadi alimngoja muuguzi kwenye lango la kliniki. Shati lilikuwa na mikunjo.

"Nisamehe."

"Na wewe unisamehe. Ningezungumza na mama kwanza."

Wakakumbatiana mbele za watu, wakalia.

"Nakupenda," Maridadi alisema. "Lakini nikikutazama namwona mama. Nimepata kazi kiwanda cha nguo, mji wa mbali."

"Nikusubiri?"

"Usinisubiri."

Siku ya safari muuguzi alimpelekea stendi wali na mboga. Maridadi hakusema ameshiba. Alikaa kwenye benchi akala, kwa pupa, bila kuinua uso, machozi yakidondokea kwenye chombo. Muuguzi hakuwa amewahi kumwona akila. Aliitazama njaa ile yote.

Honi ikalia. Maridadi akafuta mdomo, akambana mkono kwa nguvu, akapanda. Gari likaondoka. Muuguzi akabaki kwenye benchi, chombo kitupu mapajani, mpaka abiria wa gari jingine walipomwomba asogee.