Mbuzi Waliopita Lango Mara Mbili

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia kwato hadi pembe. Mtu akipata humu neno moja la uongo, nitamtoa beberu wangu Kamanda achinjwe, aliwe na Darasa la Sita lote. Kamanda yuko hapa mlangoni akitafuna kamba yake. Hana wasiwasi hata kidogo.

Mwaka wa 1996 Lorna alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma Darasa la Sita katika shule iliyo karibu na soko la Kamuthiga, kule chini ya Kiritiri, ambako mvua hupita tu ikielekea kwa watu wengine. Jumanne na Ijumaa aliamka gizani, akafunga mtungi mgongoni, kamba ikakaa kwenye paji la uso, akamfuata mama yake Teresia hadi mto wa mchanga. Huko walichimba shimo, wakateka maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe. Siku za jua kali ungengoja mpaka uote meno mengine. Lorna alipofika darasani, hisabati ilikuwa imekwisha, na hisabati ndiyo aliyoipenda.

Siku moja Chifu akabandika tangazo kwenye mlango wa ofisi yake. Watu walijaa pale kama nzige. Mzee mmoja mstaafu aliwasomea. Jina lake limenitoka, lakini alikuwa mzee wa sura nzuri, mwenye kofia ya unyoya wa kanga na miwani ya kioo kimoja.

"Ofisi tatu za serikali, ya Maji, ya Ujenzi na ya Afya, zimechanga fungu moja," alisoma. "Zitainua masoko ya mashambani. Soko litakalochaguliwa litachimbiwa kisima cha bomba, litaezekwa mabati na kujengewa vyoo. Wakaguzi watakuja siku ya mnada kuhesabu mbuzi, wajue ukubwa wa soko."

Watu walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Kulikuwa na ukurasa wa pili, lakini yule mzee hakuusoma. Alikuwa na haraka ya kutoa ushauri.

"Wakitaka mbuzi, watapata mbuzi," akasema.

Alhamisi ya mnada gari la serikali likaja na vumbi lake. Alishuka Bi Nkirote, mkaguzi kutoka Embu, mwanamke mrefu wa viatu vya kamba.

"Nataka mtu wa kuhesabu langoni," akamwambia Mwalimu Njura, mwalimu wa hisabati. "Asiwe mfanyabiashara, na asiwe mzee wa kamati."

"Ninaye," Mwalimu akajibu. "Ukimpa Lorna gunia la ndengu atakuambia zimo ngapi."

Lorna akakaa kwenye jiwe kando ya lango na daftari lake. Mbuzi mmoja, mstari mmoja. Moyo ulimdunda kwa furaha. Kila mstari aliuona kama tone la maji.

Sasa, watu wa huku hukata masikio ya mbuzi wao, kila boma na alama yake. Boma hili hukata pembeni, lile hutoboa katikati. Lorna alizijua zote kwa kuwa alichunga pamoja na watoto wa maboma hayo. Mbuzi walipofika mia tatu na kidogo, akaona jambo. Beberu mweupe mwenye kengele ya kopo shingoni, sikio la kushoto limekatwa mara mbili, aliingia tena. Nyuma yake wakafuata wale wale wa asubuhi, wakihema. Walikuwa wametolewa kwa nyuma, wakapitishwa mtoni na kurudishwa langoni. Aliyewachunga alikuwa yule mzee wa kofia.

"Mzee, hawa nimeshawahesabu," Lorna akanong'ona.

"Kazi yako ni kuhesabu mbuzi au kuwatambua?" mzee akamjibu akicheka. "Andika, mjukuu wangu. Hutaki kisima?"

Lorna alitaka kisima kuliko kitu chochote duniani. Akaandika. Lakini mkono wake haukuzoea hesabu ya uongo. Kila mbuzi aliyerudi alimpa mstari, kisha pembeni akatia nukta ndogo.

Saa saba watu walikusanyika. Bi Nkirote akachukua daftari.

"Mia tano na saba," akasoma.

Shangwe ikapanda. Akina mama walipiga vigelegele. Teresia alikuwa anacheza na karai la ndengu kichwani bila kulishika. Lorna alimtazama mama yake. Kwa nini furaha hii ilimuuma?

Akasimama. "Madamu, hiyo si hesabu. Mbuzi mia mbili na watatu walipita mara mbili. Ni hao wenye nukta. Wa kweli ni mia tatu na wanne."

Teresia aliacha kucheza. Kisha maneno yakaanza.

"Huyu mtoto ametunywea maji yetu," mwanamume mmoja akasema.

"Mama Lorna, huyu umemzaa wapi?"

Teresia aliteremsha karai polepole. Akaenda akasimama kando ya binti yake. Akamshika bega.

Bi Nkirote alihesabu nukta zote kwa kidole. Akamaliza, akauliza, "Nani aliwasomea tangazo?"

Watu wote wakageuka kumtafuta mzee wa kofia. Alikuwa amejificha nyuma ya ng'ombe.

"Ukurasa wa pili unasema hivi," Bi Nkirote akaendelea. "Fungu hili ni la masoko madogo tu, yasiyozidi mbuzi mia nne. Makubwa yana fungu lao, na foleni yake ni ya miaka. Kwa mia tano na saba ningefunga faili na kwenda nyumbani."

Hapo ungesikia watu wazima wakimeza mate.

"Kwa hivyo tumepata?" Chifu akauliza.

"Bado. Mmenidanganya. Nitarudi Alhamisi ijayo kuhesabu upya, na huyu msichana atakaa langoni tena." Akamgeukia Lorna. "Ulijua habari ya mia nne?"

"Hapana, madamu. Nilidhani tumekosa kila kitu."

"Na ukasema hivyo hivyo." Bi Nkirote akawatazama watu. "Sikilizeni. Soko lisilo na mabati linaweza kungoja. Soko lisilo na mtu wa kuhesabu kweli, hata tukileta mabati, hayatafika kwenye paa. Mtoto huyu aliandika uongo kwa saa nzima, kisha akausahihisha mwenyewe mbele yenu. Mfanye hivyo ninyi mlio wakubwa."

Alhamisi iliyofuata walipita mbuzi mia mbili tisini na wanane. Kisima kilichimbwa mwaka wa 1998, baada ya barua nyingi. Maji yalipanda juu kuliko kanisa, yakamwangusha tai angani. Tangu hapo hakuna mtoto wa Kamuthiga aliyekosa hisabati kwa sababu ya mtungi.

Hadithi ilikuwa iishie hapo. Lakini likizo hii ya Agosti Lorna, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, alipita kunisalimia. Nikampa daftari la hadithi hii asome. Alisoma amesimama, bila kucheka.

"Maji yalifika kiunoni mwa Mwalimu Njura," akasema. "Tai hakuwapo."

"Tai mdogo," nikasema.

"Na huyu mzee jina lake limekutoka, Babu Kivuti?"

"Kabisa."

Akainua mkono, akanivua kofia yangu taratibu, akaigeuza unyoya wa kanga uniangalie. Kisha akatoka mlangoni, akalishika sikio la kushoto la Kamanda, akahesabu kwa sauti, "Moja. Mbili."

Kengele ya kopo ikalia.

Basi Jumamosi tulikula shuleni, Darasa la Sita lote. Supu ya Kamanda ilikuwa nyingi. Kabla sijapewa bakuli, Lorna alinitaka nisimame niwaambie watoto nani alipitisha mbuzi mara mbili. Nikawaambia. Ni mimi.