Mlango wa Maji wa Mzee Gaspar

Kila asubuhi, baada ya kuwapa kuku maji, Felicitas alishuka bondeni kutazama mpunga. Nyumba yao ya Chanika ilikuwa juu, shamba lilikuwa chini. Zamani alishuka akiimba. Msimu huu alishuka kimya.

Shamba lilikuwa linapumua.

Alisimama kwenye tuta akasikiliza. Bluku. Kimya. Bluku, bluku. Mapovu yalipanda kutoka topeni na kupasuka juu ya maji, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala chini huko. Hapakuwa na upepo. Hata vyura hawakulia. Harufu ya yai viza ilimjia puani. Alipoingiza mguu, mapovu yalimzunguka vifundoni. Alipopiga hatua, yalimfuata.

Mpunga ulikuwa na mwezi mmoja tangu kupandikizwa. Ulikuwa mfupi, wa njano, kama umekata tamaa.

"Mama Brightson!" Hamida alimwita kutoka shamba la jirani. "Baba mkwe hajambo leo?"

"Usinitanie hivyo, Hamida."

"Mie sitanii. Mzee Gaspar si alikuwaga na pumu? Si ndivyo alivyohema?"

Felicitas aliutoa mguu topeni. Mzee Gaspar, baba wa mume wake, alifariki mvua zilipoanza. Alianguka kwenye kona ya chini ya shamba, akiziba mlango wa maji, lile pengo la kwenye tuta ambapo maji hutoka shambani. Udongo aliozibia ulibaki na alama ya kiganja chake, vidole vitano wazi. Ansbert, mume wa Felicitas, aliufunika kwa kipande cha bati. Alisema kuubomoa ni kumkosea baba adabu. Basi hakuna aliyeugusa.

Jioni ile Ansbert alisema, "Nitamwita yule dalali wa viwanja, tuuze. Wamwage kifusi, wajenge."

"Na wali wa watoto utatoka wapi?"

"Felicitas, mie naogopa kushuka kule. Wewe huogopi?"

Aliogopa. Lakini kwenye shamba lile ndipo mzee alipomfundisha kushika mche. Kesho yake alimpigia simu Nusaiba, bibi shamba wa kata.

Nusaiba alifika na pikipiki, amevaa buti za mvua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, lakini tembea polepole. Hapa... pana mambo."

Nusaiba hakucheka. Aliinama, akasikiliza mapovu, akang'oa shina moja. Mizizi ilikuwa myeusi na inanuka.

"Mliweka nini humu?"

"Mbolea ya kuku, pamoja na maranda yake ya bandani. Tuliitoa asubuhi, jioni tukaichimbia. Kesho yake tukapandikiza."

"Mbichi hivyo hivyo! Na maji mmeyatoa mara ngapi?"

Felicitas alitazama lile bati. "Hata mara moja."

"Dada, hapa hapumui mtu," alisema Nusaiba. "Kinyesi kibichi kinaozea chini ya maji, pasipo hewa. Kikioza hivyo kinatoa gesi. Ndiyo haya mapovu na hii harufu. Gesi inaunguza mizizi, mpunga unashindwa kula. Na maranda yakioza, yanaunyang'anya mpunga chakula."

"Kwa hiyo udongo wetu haujafa?"

"Una chakula tele. Umekosa hewa tu. Toa maji yote kama siku saba, hadi tope lianze kupasuka nyufa ndogo. Kisha rudisha maji kidogo, kina cha vidole vitatu. Fanya sasa, mpunga haujabeba mimba ya mashuke. Na msimu ujao, mbolea irundike nchi kavu, uwe unaigeuza. Ioze miezi miwili au mitatu kwanza."

"Maji nitayatolea wapi?"

"Yanakoteremkia." Nusaiba alionyesha kona ya chini.

Felicitas alipanda nyumbani kumwita mume wake.

"Ule mlango? Hapana," alisema Ansbert.

"Baba Brightson, baba alikuwa anauziba na kuufungua kila msimu. Safari hii hakuwahi kuufungua. Tummalizie kazi yake."

Ansbert alitazama bondeni. Kisha akachukua jembe.

Felicitas aliondoa bati, akaweka mkono wake ndani ya kile kiganja. Udongo ulikuwa wa baridi. "Tusamehe, baba," alinong'ona. Ansbert akapiga jembe.

Maji yalitoka kwa sauti ndefu, kama pumzi iliyozuiliwa siku nyingi. Mapovu yaliinuka shamba zima kwa pamoja. Ansbert alimshika mkewe mkono. Halafu pakawa kimya.

Siku ya saba tope lilipasuka nyufa. Wakarudisha maji kidogo. Wiki mbili baadaye Felicitas aling'oa shina moja. Katikati ya mizizi myeusi ilichomoza mipya, myeupe kama nyuzi. Majani mapya yalitoka ya kijani. Mwezi uliofuata dalali alipokuja na futi kamba yake, Ansbert alimwonyesha mashuke na kumuaga kwa upole.

Walivuna wakajaza ghala, na Hamida akaja kuomba afundishwe kuozesha mbolea.

Mvua za msimu mwingine zilipokaribia, Felicitas alishuka peke yake kuziba mlango. Alikandika udongo, akabonyeza kiganja chake juu, akatega sikio kidogo.

Vyura walikuwa wanalia.

Hakuweka bati. Alama ile angeibomoa mwenyewe, siku ya kufungulia maji.